Friti za kugandisha: mbele ya kununua kongelateri, tupige hesabu



Kila wakati wa mavuno ya viazi mviringo, vile wengi wetu tunaita birayi, tunasikia neno lile lile katika mikutano: bei imeanguka, tufanye nini? Mvua ikiharibu barabara siku mbili tu, gunia linauzwa kwa bei ya kutupa. Ndiyo sababu vikundi vya akina mama vimetuuliza: kwa nini tusikate viazi sisi wenyewe, tufanye friti, tuzigandishe, halafu tuuze kidogo kidogo kwa mikahawa ya Goma, Butembo ao Bukavu?

Swali hilo ni zuri. Jibu letu ni hili: inawezekana, na kazi yenyewe si nguvu sana. Lakini kongelateri si ghala. Haiwezi kuokoa mavuno yote. Ni kama duka ndogo ya baridi, na duka inataka hesabu. Tuanze na kazi, kisha tuone hesabu.

Kuchagua kiazi

Si kila kiazi kinatoa friti nzuri. Kile chenye maji mingi kinakunywa mafuta na kubaki laini. Kile chenye unga mwingi, kama Kinigi ambayo wakulima wengi wa Masisi wanaijua, kinakauka vizuri. Kama hamujui aina ya viazi vyenu, mufanye hivi: muchukue kikombe kimoja cha chumvi, mukoroge katika vikombe 11 vya maji mpaka chumvi iyeyuke yote. Mutie kiazi ndani. Kikizama, kina unga wa kutosha, kinafaa kwa friti. Kikielea, mukiweke kwa kuchemsha.

Viazi vyenye rangi ya kijani musivitumie. Ile kijani inaonyesha kwamba kiazi kilikaa kwenye mwangaza, na kinaweza kuwa na sumu ambayo moto wa kupika hauimalizi. Tena, viazi vibichi musivitunze kwenye frigo. Baridi ile inageuza unga kuwa sukari, na friti zitaungua rangi ya kahawa mbele ya kuiva ndani.

Kazi hatua kwa hatua

1. Munawe mikono na sabuni, muoshe viazi, muondoe maganda. Mukate vipande vyenye unene wa sentimita 1. Vyote vilingane, kama sivyo vingine vitaungua na vingine vitabaki vibichi.

2. Muoshe vipande mara mbili ao tatu mpaka maji yawe safi, halafu muviache ndani ya maji baridi dakika 30. Hiyo inaondoa unga wa juu, friti hazitashikamana.

3. Muchemshe maji mingi. Kwa kila lita mutie kijiko kimoja cha siki (vinegre), itasaidia vipande visivunjike. Mutie friti kidogo kidogo, dakika 2 ao 3, kisha muzitoe na kuzichuja. Hatua hii musiiruke. Kikundi kimoja kilituonyesha friti ambazo kiligandisha mbichi kabisa: zilitoka nyeusi, laini kama sombe iliyolala. Kazi ya siku mbili ikatupwa. Maji ya moto ndiyo yanazuia ule weusi.

4. Mutandaze friti kwenye kitambaa safi mpaka zikauke. Friti yenye maji ikiingia ndani ya mafuta ya moto, mafuta yanaruka na kuunguza mtu.

5. Mukaange mara ya kwanza kwa moto wa kadiri, digri 150 hadi 160, dakika 3 hivi. Bila kipimajoto, mutie kipande kimoja: kikizama halafu kikapanda polepole na mapovu madogo, moto ni sawa. Mafuta yakitoa moshi, yamepita kiasi. Friti zitoke zingali nyeupe, bila rangi. Mafuta yasiyo na rangi yanafaa kuliko mawese, maana mawese yanazipaka rangi na ladha yake. Na kama mafuta yakishika moto, musimwage maji hata kidogo! Mufunike sufuria na kifuniko na kuzima jiko.

6. Muache zipoe kabisa. Muzipange kwenye sinia, moja moja, zisipandane, na kutia sinia katika kongelateri usiku mzima. Kesho yake muzitie ndani ya sashe safi, muondoe hewa, mufunge na kuandika tarehe.

Katika baridi ya digri 18 chini ya sifuri, muziuze ndani ya miezi 3, ladha ingali nzuri. Mwenye kununua azikaange bila kuziacha ziyeyuke, kidogo kidogo, kwenye mafuta ya digri 180 hivi, mpaka zipate rangi ya dhahabu. Mbele ya kukaanga, akungute barafu yote.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo wengi wanapoteza mali. Kongelateri iliyojaa, ikibaki imefungwa, inaweza kushika baridi saa 48 hivi. Ile iliyojaa nusu, saa 24. Kwa hiyo umeme ukienda, musifungue kila saa kwa kuangalia! Friti zikiyeyuka na zingali baridi kama ndani ya frigo, muzikaange siku ile ile. Zikishika joto la nyumba kwa zaidi ya saa 2, muzitupe. Kuzigandisha tena na kuziuzia watu ni kuharibu jina la koperative.

Na sasa hesabu

Kwa kilo 100 za viazi, maganda na sehemu mbaya zinaondoa kilo 15 hadi 25. Kukaanga kunaondoa maji tena. Mutabaki na kilo 50 hadi 60 za friti, tuseme 55.

Jambo la pili: kongelateri ya lita 200 haiwezi kugandisha vizuri zaidi ya kilo 7 hadi 9 kwa siku. Mukijaza yote mara moja, baridi inashindwa, na friti za ndani zinaharibika. Maana yake, gunia moja la kilo 100 linataka karibu wiki nzima. Mwenye gunia 40 shambani asifikiri kongelateri moja itamwokoa!

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kufundishia tu, muweke zenu. Gunia dolari 25, mafuta 8, makala 4, umeme na karburanti ya jenereta 6, sashe 2, malipo ya wafanya kazi 10. Jumla ni dolari 55 kwa kilo 55 za friti, ni kusema dolari 1 kwa kilo. Mukiuza kilo kwa dolari 1 na senti 20, faida ni dolari 11 kwa gunia. Kama kongelateri ilinunuliwa dolari 300, itafaa kuuza gunia 28 ndipo irudishe bei yake. Kwa gunia moja kila wiki, ni zaidi ya nusu mwaka. Na kama umeme unakosekana siku nne na kilo 55 zinaharibika, mumepoteza dolari 55: faida ya gunia 5 imeenda.

Hatusemi haya kwa kuwavunja moyo. Tunasema ili mujue mahali pa kuanzia. Kwa maoni yetu, viazi vibaki kijijini na kongelateri ikae mjini. Viazi vibichi vinavumilia safari. Friti zilizogandishwa zinayeyuka juu ya pikipiki. Kijijini mujenge ghala lenye giza, hewa na ubaridi, ambamo viazi vinangoja bei ipande. Mjini, karibu na wanunuzi na mahali umeme hauchezi sana, mwanamemba mmoja ao kikundi cha mama kikate na kugandisha kadiri inavyouzika kila wiki.

Mbele ya kununua chombo chochote, mufanye mambo matatu. Mutengeneze kilo 5 katika kongelateri ya kuazima, muzipeleke kwa wenye mikahawa watatu, muwaulize wangenunua kilo ngapi kwa wiki na kwa bei gani. Mwezi mmoja, muandike kila saa ambayo umeme ulikatika. Kisha mulete daftari hilo kwenye mkutano mkuu, watu wote waone. Kama hesabu inatoka vizuri, mununue. Kama haitoki, dolari 300 zingali ndani ya sanduku la koperative, na ghala linangoja kujengwa.