MARIA, MARIE, MARIAMU: jina moja, nyumba mbalimbali

Simameni mu soko ya Kindu na kuita "Mariamu!" Mama moja wa Kiislamu atageuka. Iteni "Marie!", na mama wa parokia ataitika. Pengine hao wawili wanauzisha sombe pa meza moja, na hawajaulizana hata siku moja juu ya majina yao. Kumbe jina lao ni moja kabisa.

Linatoka wapi?

Jina la kwanza ni la Kiebrania: Miryam. Ndivyo aliitwa dada ya Musa, yule aliyeshika ngoma na kuimba kisha watu kuvuka bahari (Kutoka 15). Wagiriki walisema Maria, Waarabu Maryam, Wafaransa Marie, Waingereza Mary. Waingereza wanalikata tena kuwa Molly ao Polly, sawa vile sisi tunakata Madeleine kuwa Mado. Kule Marekani, kila mwaka tangu 1880 mpaka 1946, Mary lilipita majina yote ya watoto wanawake.

Na maana yake? Wenye elimu hawapatani. Wamoja wanasema ni uchungu, wengine uasi, wengine mtoto aliyetamaniwa. Kuna na wale wanaolipeleka Misri ya zamani, kwenye neno la kupenda. Basi kijana, mtu akikuambia maana yake kwa neno moja tu, ujue amekata safari kwa kifupi.

Namna lilifika Maniema

Mariamu lilikuja na watu wa pwani katika karne ya 19, wakati wa Tippu Tip, walipokaa Nyangwe na Kasongo. Katika Korani, Mariamu ni mwanamke pekee anayetajwa kwa jina lake, na sura ya 19 inaitwa kwa jina hilo. Maria na Marie yalikuja nyuma, pamoja na wamisionere. Kwa hiyo, mu Kindu jina hili si ukuta kati ya dini. Ni mlango.

Wakati lilikatazwa

Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya ubatizo ya kigeni. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré. Kardinali Malula alipinga, na akalazimika kukaa Roma kwa muda. Mu karatasi, Marie akapata jina lingine. Ku nyumba watu waliendelea kumwita Marie. Kisha mwaka 1990, wakati wa kufungua vyama vingi, majina yale yalianza kurudi.

Lakini karatasi za zamani hazikubadilika zenyewe. Mama anaweza kuwa Marie ku ubatizo, kuwa na jina lingine ku karatasi ya ndoa, na lingine tena ku karata ya uchaguzi. Bwana yake, aliyechimba miaka mingi ku Kalima, akifariki, mjane anafika ku biro na kuulizwa: "Wewe ni nani kati ya hawa watatu?" Hapo jina si mchezo tena. Ni chakula cha watoto.

Wazazi, tufanye nini?

Kwanza, andikisheni mtoto ku etasivili. Sheria ya kulinda mtoto ya 2009 inatoa siku 90, na ni bure. Herufi za jina ziwe zilezile ku ubatizo, ku masomo na popote.

Pili, mfikiri mbele ya kuita. Sheria ya jamaa ya 1987 inakataza majina ya matusi na ya kushusha mtu. Kwetu kuna watoto wanaoitwa Mateso, Machozi, Matata, juu ya shida ya siku walizozaliwa. Wenye majina hayo si wa kuchekwa. Wengi wameyabeba kwa heshima. Lakini mkumbuke Naomi katika kitabu cha Ruthu: aliomba aitwe Mara, maana yake uchungu. Yeye alikuwa mtu mzima, alijichagulia mwenyewe. Mtoto wa siku mbili hajachagua kitu. Shida ya wazazi itapita, na jina litabaki.

Maulizo ya kuzungumza ku nyumba

1. Nani alikupa jina lako, na juu ya nini?
2. Jina lako ni lilelile katika karatasi zako zote?
3. Jirani wa dini ingine, jina lake lina maana gani?