Tetherini: Kizuizi Kilichovukwa

Wahenga walinena kuwa dawa ya moto ni moto. Kauli hii inasadifu mapambano baina ya virusi na miili ya jamii ya nyani, binadamu akiwemo. Mwaka 2008, wanasayansi walibainisha kuwa seli ina protini iitwayo tetherini, ambayo hunasa virusi vichanga kwenye utando wake visiende kuambukiza seli nyingine. Virusi vya sokwe mtu huishinda tetherini kwa protini yao, Nef. Hata hivyo, tetherini ya binadamu imepungukiwa na asidi amino 5 pale pale Nef inapoishika. Hivyo basi, virusi hivyo vilipovuka kutoka kwa sokwe mtu wa kusini mashariki mwa Kameruni, silaha hiyo ilikuwa butu. VVU-1 vya kundi M viliikabidhi kazi hiyo protini nyingine, Vpu. Kundi hilo ndilo lililoenea duniani kote. Kundi P, lisilo na silaha kamili dhidi ya tetherini, limepatikana kwa watu wachache mno. Ni dhahiri kuwa kizuizi baina ya spishi hutukinga, ila hakidumu: kila mnyama wa porini anapochinjwa, virusi hupata fursa ya kujaribu tena.