Kando ya Mto Nairobi, Upande wa Eastlands

Msomaji wa Dar es Salaam anayeufahamu Msimbazi hatashtushwa na rangi ya maji ya Mto Nairobi. Unatoka kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, unapita pembeni mwa katikati ya jiji, kisha unaingia Eastlands, walikowekwa wafanyakazi Waafrika enzi za ukoloni: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni. Reli ilifika mwaka 1899, viwanda vikaifuata, na mito ya jiji ikageuzwa mifereji ya majitaka.

Anzia Michuki Park, karibu na mzunguko wa Globe. Palikuwa jalala hadi John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliposimamia usafishaji wake mwishoni mwa miaka ya 2000. Leo kuna miti, vijia na watu waliojilaza nyasini. Ukishuka Kamukunji, kijia kinakwisha, nyundo zinaanza. Mafundi wa jua kali wanagonga mabati hadi yawe masanduku ya wanafunzi wa bweni, majiko na makarai. Usipopaza sauti, bei husikii. Mbele ni soko la Gikomba, marobota ya mitumba yakifunguliwa hatua chache tu kutoka majini. Simu iache mfukoni.

Kutoka hapo panda matatu, daladala yao, hadi Korogocho, au Koch kama wenyewe wanavyopaita. Hapa ndipo penye jambo la kuona. Vijana wa kikundi cha Komb Green, wengine wao waliowahi kuishi kwa uhalifu, waliligeuza jalala la ukingoni kuwa bustani yenye maua na mahali pa watoto kucheza. Kwangu mimi inaipita Michuki Park, kwa kuwa wanaoitunza ndio wanaoishi pale. Ng'ambo kidogo ni dampo la Dandora, lililotangazwa kujaa mwaka 2001 na bado linapokea taka.

Kwa kulinganisha, Sheffield, mji wa chuma wa Uingereza, ulipata njia zake za mtoni baada ya viwanda vingi kufungwa. Vya Nairobi vingali vinafanya kazi. Baada ya mafuriko ya 2024 serikali iliamuru watu wahame ukanda wa mita 30 kutoka mitoni, nyumba zikabomolewa katika mtaa wa mabanda wa Mathare. Machi 2025 Rais Ruto akazindua mradi mkubwa wa kuufufua mto. Waliobomolewa nyumba wana haki ya kuuliza bustani zijazo ni za nani.

Ukienda, nenda asubuhi, siku isiyo na mvua, ukiongozana na kijana wa hapohapo, na umlipe.