Kung'atuka: neno lililotoka Butiama

Kila Wamarekani wanapoingia katika uchaguzi wa rais, nyumba zetu za Musoma na Bunda nazo huingia. Baada ya sala ya Isha redio huwashwa, vijana hufungua simu zao, na mzee ambaye hajapata kuvuka hata mpaka wa Sirari hubishana na wanawe juu ya kura za Pennsylvania kama anayebishana juu ya bei ya samaki mwaloni. Tunafuatilia nani atashinda. La kuondoka hatuliulizi, na hali kila anayeapishwa kule anajua tangu siku ile mwaka ambao hatakuwa tena na haki ya kurudi.

Jambo hilo lina neno lake katika Kiswahili, na neno hilo hatukulipokea kutoka Marekani wala pwani. Lilitoka hapa hapa kwetu, katika Kizanaki cha Butiama: kung'atuka. Kwa desturi ya jamii nyingi za Mara, uongozi ulikwenda kwa marika. Rika moja lilishika mambo ya nchi kwa kipindi chake, kisha likawaachia wadogo zao na wenyewe wakabaki kuwa wazee wa kuulizwa. Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, ndiye aliyelitia neno hilo katika siasa za taifa. Sikio la Mswahili husikia ndani yake kung'ata, kana kwamba mtu amefungua meno na kukiachia alichokuwa amekishika. Sidai kwamba ndiyo asili yake, ila maana hiyo nayo inakaa vizuri.

Wamarekani wenyewe hawakuanza na sheria. George Washington alitawala vipindi viwili, na mwaka 1797 akarudi shambani kwake Mount Vernon kwa hiari yake. Waliomfuata waliuheshimu mwendo huo kwa zaidi ya miaka 140, mpaka Franklin Roosevelt alipochaguliwa mara nne mfululizo, akafia madarakani Aprili 1945. Mwaka 1951 ndipo walipoandika katika katiba yao kwamba mtu asichaguliwe kuwa rais zaidi ya mara mbili. Ilichukua rais mmoja tu kuivunja desturi ya vizazi.

Kwetu habari ilikuwa na miba yake, na haifai kuipamba. Novemba 1962 Mwalimu alishindana na Zuberi Mtemvu wa chama cha Congress, akamshinda kwa mbali sana. Baada ya hapo, kuanzia 1965 hadi 1990, mpiga kura aliletewa jina moja tu la mgombea urais, aseme ndiyo au hapana. Mwalimu alikaa katika kiti cha urais karibu miaka 23. Wapo Waislamu walio na kumbukumbu chungu za miaka ile, na gazeti hili halina sababu ya kuwanyamazisha. Hata alipoondoka aliendelea kuwa mwenyekiti wa chama hadi 1990, kwa hiyo meno yote hayakufunguka kwa siku moja. Lakini aliondoka. Mabadiliko ya katiba ya 1984 yaliweka ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano, na tarehe 5 Novemba 1985 akamwachia kiti Alhaji Ali Hassan Mwinyi, mwenyewe akarudi Butiama kulima. Ukivuka ziwa hili tunalochota maji yake, Uganda iliufuta ukomo wake mwaka 2005.

Sisi Waislamu tusilisikilize neno hili kama wageni. Sayyidna Umar (r.a.), akiwa katika jeraha lililomuua, aliwateua Masahaba sita washauriane ndani ya siku tatu na kumchagua mmoja wao. Mwanawe Abdullah, mtu wa elimu na ucha Mungu asiyetiliwa shaka, alimruhusu ahudhurie kikao lakini akamnyima nafasi ya kuchaguliwa. Na Sayyidna Hasan bin Ali (r.a.), aliyepewa baia Kufa baada ya kuuawa baba yake, akiwa na jeshi lililo tayari kumpigania, aliuacha ukhalifa mwaka 41 Hijria ili damu ya Waislamu isimwagike. Mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Jamaa. Hakuna aliyemlazimisha kwa upanga shingoni, na hakuna anayemsoma leo akamwona mnyonge.

Basi tutazame nyumbani. Ipo misikiti katika mkoa wetu ambayo mwenyekiti wa kamati alichaguliwa kabla nusu ya waumini wake hawajazaliwa, na mtu akiuliza lini utafanyika uchaguzi huonekana amekuja kuleta fitina. Waliomo humo wengi ni watu wema. Wamejenga, wametoa mali zao, wamezika maiti wasio na jamaa. Ubaya ni kwamba daftari la hesabu na funguo za stoo viko kwa mtu mmoja, na siku akiugua hakuna ajuaye kiwanja cha wakfu kimeandikwa kwa jina la nani. Ndani ya familia ni hivyo hivyo. Kijana wa miaka 40 anaomba nauli kwa baba, dukani hajapata kukaa na mwenye mali ajumla hata mara moja, kisha siku ya matanga anakabidhiwa yote pamoja na wadai wasiojulikana. Mirathi itagawa mali kwa hesabu iliyokamilika, lakini uzoefu haumo katika mafungu yake. Huo hutolewa na mzee akiwa hai, mwenye nguvu za kukosoa na subira ya kukosolewa.

Huenda wengi wanaogopa kwamba akiachia kiti mtu atasahauliwa. Mzee Mwinyi alimaliza vipindi vyake viwili mwaka 1995, akampisha Benjamin Mkapa, akarudi kuwa raia anayealikwa katika Maulidi na mazishi ya watu. Alifariki tarehe 29 Februari 2024, akazikwa Mangapwani, Unguja. Aliishi nje ya Ikulu karibu mara tatu ya miaka aliyokaa ndani yake.