Naloksoni haiui sumu: tatizo la kitenzi

Mwenzangu wa kitivo cha uganga aliniomba tuandike kwa Kiswahili karatasi ya ukutani kwa wauguzi, kuhusu dawa iitwayo naloksoni. Yeye alikuwa ameiita kiuasumu. Neno limeundwa vizuri, kitenzi ua na nomino sumu, lakini halisemi kweli, na kosa hilo linaweza kumgharimu mgonjwa uhai.

Tuanze na pumzi. Morfini, heroini, fentanili na dawa nyingine za ukoo wa afyuni (neno tulilopewa na Kiarabu, nacho kikalipata kwa Kigiriki, shina lile lile lililozaa opioidi) hujibandika kwenye vipokezi vya neva. Ndivyo maumivu yanavyotulia. Ila vipokezi hivyo vimo pia katika shina la ubongo, panapoamriwa kupumua. Kwa kawaida kaboni dioksidi ikizidi damuni, shina la ubongo huamuru tuvute hewa. Afyuni ikizidi, amri hufifia. Mtu mzima aliyekuwa akipumua mara 12 hadi 20 kwa dakika hushuka hadi mara 4 au 5, kisha kimya. Moyo huendelea kupiga kwa muda, halafu husimama kwa kukosa oksijeni. Tunaposema "moyo ulisimama" tunataja tukio la mwisho na kuruka chanzo.

Naloksoni hushika vipokezi vile vile kwa nguvu zaidi na kuisukuma afyuni itoke, bila yenyewe kuamuru chochote. Ikipigwa mshipani, pumzi huweza kurudi baada ya dakika 1 au 2. Lakini afyuni haijafa, ingali damuni. Naloksoni hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90 hivi. Methadoni hukaa saa nyingi. Muuguzi anayeamini kwamba sumu imeuawa atamruhusu mgonjwa aende nyumbani, na pumzi itakatika tena usingizini.

Kuzimua nako tulikukataa, kwa kuwa hakuna kinachotiwa maji hapa. Mimi nilipendekeza kubandua. Kiambishi -u- cha utenguzi, kile cha fungua na zibua, hutengua tendo bila kuangamiza kitu: kilichobanduliwa huweza kubandikwa tena. Ndiyo hatari yenyewe, na kitenzi kimeibeba.

Palikuwa pia na "mpe mpaka aamke". Hapo moyo unaingia. Aliyezoea afyuni akibanduliwa ghafla, mwili hushtuka: adrenalini humwagika, moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, hutapika na kuhangaika. Mara chache mapigo huvurugika au mapafu hujaa maji. Aliyetoka kupasuliwa hurudiwa na maumivu yote kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo hospitalini wengi huanza na kiasi kidogo, hata miligramu 0.04, na kurudia huku wakimsaidia mgonjwa kupumua. Tukaandika "mpaka apumue vizuri". Kuamka kunaweza kungoja.

Iliyotusumbua zaidi ni tramadoli. Sehemu ya kazi yake haipitii vipokezi hivi, hivyo naloksoni hubandua nusunusu tu, na degedege linaweza kutokea. Tuliyaandika hayo kwa sentensi mbili. Mwenzangu anaona zimezidi urefu kwa karatasi ya ukutani. Mimi sijakubali zifupishwe.