Ngitili na uzio wa Mwadui

Maganzo, wilayani Kishapu, imekaa kando ya barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, jirani kabisa na mgodi wa almasi wa Mwadui ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940. Mvua ikikata katikati ya msimu, pamba ikadumaa na mtama ukakauka kabla ya kutoa masuke, kijana asiye na ng'ombe wa kuuza hana pengi pa kukimbilia. Changarawe yenye almasi iko ng'ambo ya uzio. Akivuka usiku na chekeche lake, tayari ni mbeshi, jina wanaloitwa huku wanaoingia mgodini bila ruhusa.

Ukame peke yake hauzai wabeshi. Almasi huvuta watu hata mwaka wa mavuno mema. Lakini aliyelala na njaa huvuka uzio kwa moyo mwingine, na anayemsubiri ndani ana bunduki. Mei 2021, Petra Diamonds, iliyokuwa na asilimia 75 ya hisa huku Serikali yetu ikiwa na 25, ilifikia mapatano ya pauni milioni 4.3 na watu 71 walioishtaki nchini Uingereza. Humo mlikuwa na fidia, gharama za kisheria na miradi ya vijiji. Kampuni ilikiri kwamba ndani ya eneo la mgodi wachimbaji haramu walitendewa vibaya, walijeruhiwa, na wengine walipoteza maisha, ingawa haikukubali kubeba dhima. Siwezi kuyasoma hayo kama habari za uhalifu tu; ni habari za ukame na amani pia.

Desemba mwaka huohuo, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipigia kura azimio la kuyahusisha mabadiliko ya tabianchi na amani. Nchi 12 ziliunga mkono, Kenya ikiwamo. Urusi ikalizima kwa kura ya turufu. Kwa suala hilo la ukame na amani, Shinyanga ilikuwa na jibu lake zamani.

Wasukuma wana ngitili: malisho yanayofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zikue, kisha yakafunguliwa kiangazi kinapokaza. Nani aingize ng'ombe, lini, na aliyeingiza kwa wizi atozwe nini, huamuliwa katika dagashida, baraza la jadi la wanakijiji. Ngitili nyingi zilikufa karne iliyopita. Vichaka vilifyekwa kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na wakati wa vijiji vya ujamaa kaya zikahamishwa mbali na ngitili zao. Mwalimu Nyerere alipita mkoani mwaka 1984 akashtushwa na ardhi iliyobaki uchi. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Busara ya mradi ule ilikuwa kuacha sheria za malisho mikononi mwa wanavijiji wenyewe. Ngitili zilizohesabiwa mwaka 1986 zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa wakati ule, uliojumuisha pia Maswa, Bariadi na Meatu.

Husifiwa kama ushindi wa mazingira, na ni kweli. Mimi naona kwanza mapatano ya amani: wenye ng'ombe wenye njaa walijua zamu zao kabla njaa haijafika, na walijua pa kupeleka malalamiko.

Waliokosa nyasi walihamia Usangu, Rukwa na Kilombero. Huko hawakuwa na dagashida moja na wakulima waliowakuta, na mwaka 2006 na 2007 Serikali iliwaondoa wafugaji wengi katika ardhioevu ya Ihefu, huko Usangu. Ni Wasukuma walewale na ng'ombe walewale.

Turudi Mwadui. Miongoni mwa miradi ya mapatano ya mwaka 2021 ulikuwamo wa kuwaruhusu wanavijiji kuokota kuni na kulisha mifugo katika sehemu za eneo la leseni, na wa kutazama uwezekano wa uchimbaji mdogo. Mwaka 2025 Petra iliuza hisa zake. Ahadi hizo zisiondoke pamoja nayo. Wamiliki wapya na Wilaya ya Kishapu waketi na wanavijiji wanaopakana na mgodi kabla ya kiangazi kijacho, wapange ng'ombe wataingia siku zipi, kuni zitaokotwa wapi, na vijana watachekecha changarawe eneo gani kihalali.