Gundi Peke Yake Haitoshi



Familia nyingi hapa Uingereza zimekwisha kuwazoea wale askari wadogo ambao vijana wetu huwanunua kwa fedha za sikukuu, wakawapaka rangi kwa brashi nyembamba, kisha wakapigana nao vita vya mezani kwa dadu na rula. Mchezo huu una asili ndefu katika nchi hii, H. G. Wells aliutungia kitabu cha kanuni tangu mwaka 1913. Ama hukumu ya sanamu, hilo tunawaachia masheikh wetu. Leo tunazungumzia kazi ya mikono.

Kijana wetu alitumia wiki tatu kumpaka rangi jemadari wake wa madini. Siku ya kwenda kumwonyesha kwa rafiki zake, alimfungua ndani ya basi akamkuta amelala, kitako kiko mbali, na mkuki umepinda. Sisi wazee wake tukamwambia, "Si mwanasesere tu huyo?" Hakujibu, wala hakusema nasi hadi usiku. Hapo tukatambua kwamba tumeidharau kazi ya wiki tatu. Kesho yake tukaketi naye mezani kutafuta kosa.

Makosa yalikuwa matatu. Kwanza, gundi ilitiwa juu ya rangi. Gundi ya namna hiyo hushika rangi tu, na rangi ikibanduka, askari huondoka nayo. Pili, ilitumika gundi ya plastiki, ambayo huyeyusha plastiki mbili zikawa kitu kimoja, lakini kwa madini haifai kitu. Tatu, mzigo wote ulibebwa na nyayo mbili ndogo kuliko punje ya mchele.

Dawa yake ni hii. Askari aoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili kuondoa mafuta ya kalibu, kisha akaushwe. Nyayo na kitako vikwaruzwe kwa msasa mpaka rangi itoke. Baadaye, kwa keekee ndogo ya mkono, tundu la milimita moja litobolewe katika unyayo, na jingine katika kitako, mkabala nalo. Kipande cha waya wa kibanio cha karatasi kipitishwe katika matundu hayo, kama seremala atiavyo kijiti katika kiungo cha kiti. Gundi kali hustahimili kuvutwa, lakini huvunjika upesi ikipigwa kishindo. Waya ndio unaopokea kishindo hicho. Gundi iwe tone dogo, kwani ikizidi hukawia kukauka na kiungo huwa dhaifu. Kwa askari mzito, gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa ni bora zaidi, ila yataka subira ya usiku mzima.

Kadhalika, kijana azoee kumwinua askari kwa kushika kitako, si kichwa. Kete ya bao haina shingo, askari anayo.

Tahadhari nazo zisisahauliwe. Madirisha yawe wazi. Vidole vikigandana, visivutwe kwa nguvu. Viloweshwe katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni na kuachanishwa taratibu. Gundi kali ikigusa pamba hupata moto wa kuunguza, basi isipanguswe kwa pamba. Ikiingia jichoni, mtoto apelekwe hospitali mara moja. Askari wa zamani huenda wana risasi ndani yao. Vumbi lao lifutwe kwa kitambaa chenye maji, mikono ioshwe kabla ya kula, na watoto wadogo wawekwe mbali.

Jemadari wetu sasa amesimama. Mkuki wake ungali umepinda kidogo, maana tulichelea kuukata tukiunyoosha. Kijana alitoboa matundu, na baba yake akashika kitako kisitikisike. Walizungumza kwa saa nzima, na mengi hayakuhusu askari.

Wazazi wenzetu, mtoto akileta kilichovunjika, tumwulize kwanza amekitengeneza kwa muda gani.

Wabillahi tawfiq.